Oili ya Kwanza: Historia ya Kuzoeza Injini Mpya ya Pikipiki katika Kilima cha Naguru

Historia ya usafiri mjini Kampala kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata barabara, leseni, migogoro ya siteji, yaani vituo vya kungojea abiria, na ajali, ilhali sehemu yake muhimu imejificha ndani ya kasha la injini, katika zile kilomita elfu moja za mwanzo ambazo huamua kama pikipiki mpya itamtumikia mwenyewe kwa miaka au itaanza kula oili kabla deni lake halijalipwa. Kipindi hicho ndicho kinachoitwa kuzoeza injini, yaani muda ambao vyuma vipya vinavyosuguana hulainishana hadi vikaketi mahali pake, na desturi ya kuchagua oili ya kutumia katika kipindi hicho ina historia ndefu kuliko historia ya bodaboda yenyewe. Insha hii inaifuata desturi hiyo kwa kuitazama kutoka Naguru, kilima cha mashariki mwa Kampala katika tarafa ya Nakawa, na hoja yake ni kwamba swali la oili gani imwagwe katika injini mpya halijawahi kuwa swali la kemia peke yake, kwa kuwa katika kila zama limeamuliwa pia na nani anaimiliki pikipiki na nani ana nafasi ya kuingoja.

Naguru inafaa kwa uchunguzi wa namna hiyo kwa sababu tangu mwanzo ilipangwa kuwa kilima cha watu wa kazi. Baada ya migomo ya wafanyakazi iliyoitikisa Uganda mwezi Januari 1945, serikali ya kikoloni ililazimika kufikiria makazi ya Waafrika waliokuwa wakihamia mjini, na msanifu Mjerumani Ernst May, ambaye kati ya 1925 na 1930 alikuwa amesimamia ujenzi wa mitaa mipya ya wafanyakazi mjini Frankfurt kabla ya kufika Afrika Mashariki mwaka 1934, aliandaa mpango wa kuupanua mji kuelekea Kololo na Naguru, uliochapishwa mwaka 1947. Mpango huo ulifuata ubaguzi wa zama zake kwa kuwatenga wakazi kwa rangi, na kilima cha Naguru kikawekwa upande wa Waafrika. Nyumba za kupanga za Naguru na Nakawa zilizojengwa katika miaka iliyofuata ziliwapokea makarani, mafundi na vibarua ambao kila siku walipaswa kushuka kwenda mjini au kwenye viwanda vya kando ya barabara ya Jinja na kupanda tena jioni. Naguru pia ni kilima cha polisi, kwa kuwa makao makuu ya Polisi ya Uganda yapo katika barabara ya Katalima, na Kiswahili, ambacho nchini humo kilienea zaidi kupitia jeshi na polisi, hakikuwa kigeni kilimani hapo.

Ili kuelewa kwa nini oili ya kwanza ilileta mjadala mrefu, ni lazima kwanza kueleza kinachotendeka ndani ya silinda mpya. Ukuta wa silinda, hata kama unaonekana laini kwa macho, huchongwa kiwandani ukaachwa na mifuo myembamba inayokatana mshazari, na kazi ya mifuo hiyo ni kushikilia oili wakati ringi za pistoni, ambazo ni pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta, zinapopanda na kushuka. Katika saa za mwanzo ncha kali za mifuo hiyo husagwa na ringi, na ringi nazo husagwa na ukuta, mpaka pande mbili zinakaribiana kiasi cha kuzuia gesi ya mlipuko isipenye kwenda chini na oili isipenye kwenda juu. Msukumo unaozibana ringi dhidi ya ukuta hautoki kwenye mkazo wa ringi zenyewe peke yake, bali unatoka zaidi kwenye gesi ya mlipuko inayoingia nyuma yake, na kwa sababu hiyo injini inayobembelezwa mno, ikaachwa kunguruma bila mzigo kwa muda mrefu, haizoei bali hupata utando mgumu wa oili iliyoungua unaoziba mifuo. Injini inayolazimishwa mno nayo hupata joto la kuchubua vyuma kabla havijaketi. Oili ya kuzoezea kwa hiyo hutakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana, yaani kuzuia vyuma visiumane na wakati huohuo kuviruhusu visuguane kidogo.

Katika miongo ya mwanzo ya pikipiki mpingano huo ulitatuliwa kwa mkono wa mpanda pikipiki mwenyewe. Pikipiki za Kiingereza zilizotumiwa na wapeleka barua wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kama vile Triumph ya mwaka 1915 iliyojulikana kama Model H, hazikuwa na mzunguko wa oili unaorudi, kwani oili ilisukumwa ndani ya kasha la injini kwa pampu ya mkono, ikalainisha vyuma, kisha ikaungua au kuvuja. Kuzoeza injini ya namna hiyo kulimaanisha kuongeza idadi ya mipigo ya pampu, na moshi wa buluu uliotoka nyuma ulichukuliwa kuwa dalili ya usalama. Oili yenyewe mara nyingi ilitokana na mbarika, mmea ambao wakulima wa Tanganyika waliulima kwa ajili ya mbegu zake zilizouzwa nje, na ambao mafuta yake yalithaminiwa katika injini za ndege na za mashindano kwa kuwa hushikamana na chuma hata kwenye joto kali. Kampuni ya Charles Wakefield, iliyoanzishwa London mwaka 1899, ilipata jina la biashara la Castrol kutokana na mafuta hayo. Hata hivyo mafuta ya mbarika huacha gundi ngumu ndani ya injini, na hivyo yalipungua kadiri oili za madini, yaani zile zinazosafishwa kutoka mafuta ghafi ya ardhini, zilivyoboreshwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati nyumba za Naguru zilipokuwa zikijengwa, wapangaji wengi walikwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli, na pikipiki ilikuwa chombo cha ofisa, mmishenari au mtumishi wa serikali mwenye cheo. Vitabu vya maelekezo vya pikipiki za Kiingereza vya zama hizo vilimtaka mwenye chombo kipya aendeshe kwa mwendo wa chini kwa mamia ya maili, na oili iliyopendekezwa ilikuwa ya daraja moja, ambayo mnato wake, yaani uzito wa kutiririka kwake, uliandikwa kwa namba moja tu kama vile 30 au 40. Namba hizo zilitokana na mfumo ambao chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kiliuanzisha mwaka 1911, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo oili inavyokuwa nzito. Kulikuwa pia na desturi ya kuchanganya unga laini sana wa grafaiti katika oili ya kwanza, desturi iliyotangazwa sana Uingereza, ingawa kwa macho ya leo unga huo ulipunguza msuguano ambao ringi zilikuwa zikiuhitaji. Jambo la kukumbukwa ni kwamba maelekezo yale yote yaliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa mwezi, ambaye mwendo wa polepole haukumpunguzia chochote mfukoni.

Oili ya daraja moja ilidumu katika maduka ya Kampala kwa sababu ya hali ya hewa yenyewe. Mji uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni baridi kiasi lakini hazigandishi kitu, na oili yenye namba 40 ilitosha kwa magari mengi. Katika miaka ya 1950 zilienea oili za daraja mchanganyiko, ambazo huandikwa kwa namba mbili, kama vile 20W-50, ambapo namba ya kwanza hueleza jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi na ya pili hueleza uzito wake injini ikiwa imepata joto la nyuzi 100. Oili hizo zilipata nguvu kwa viongezo, yaani kemikali zinazotiwa ndani yake, na kiongezo kimoja chenye zinki na fosforasi, kilichogunduliwa miaka ya 1940, kilibadilisha suala la kuzoeza injini kwa kuwa hutandaza ngao nyembamba juu ya chuma pale ambapo oili yenyewe imebanwa ikatoka. Tangu hapo fundi hakulazimika tena kutegemea uzito wa oili peke yake kuzuia vyuma kuumana.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na Wajapani. Pikipiki zao za mipigo miwili, kama Yamaha AG100 iliyotumiwa sana na mabwana shamba na watumishi wa miradi, hazikuwa na oili ya kudumu katika silinda, kwa kuwa oili ilichanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo, na kuzoeza injini hizo mara nyingi kulimaanisha kuongeza oili katika petroli ya matangi machache ya mwanzo. Pikipiki za mipigo minne zilileta mpango mwingine ambao hadi leo ndio kiini cha swali la oili, kwani oili moja, takribani lita moja tu, hulainisha silinda, gia na klachi kwa pamoja. Klachi hiyo, ambayo sahani zake huogelea ndani ya oili, inahitaji msuguano ili ishike, na kwa hiyo oili inayoteleza kupita kiasi huifanya iteleze.

Mwaka 1976 Honda ilianza kuuza CG125, pikipiki iliyobuniwa baada ya wahandisi wake kwenda katika nchi ambako injini zao za awali zilikuwa zikifa mapema, wakabaini kwamba waendeshaji walibeba mizigo mizito na kukaa muda mrefu bila kubadilisha oili. Walichofanya ni kurahisisha mfumo wa valvu na kuacha chujio la karatasi, wakategemea wavu wa chuma pamoja na kikombe kinachozunguka kwa kasi na kuurusha uchafu pembeni. Injini hiyo, pamoja na nakala zake nyingi zilizotengenezwa China, ilikuja kuwa mama wa pikipiki za kazi barani Afrika, lakini uvumilivu wake ulikuwa na sharti moja. Kwa kuwa haina chujio la karatasi la kunasa chembe ndogo, unga wa chuma unaotoka wakati ringi zinaketi huendelea kuzunguka na oili mpaka oili hiyo imwagwe.

Uganda haikuyapokea mageuzi hayo kwa utulivu. Amri ya Idi Amin ya Agosti 1972, iliyowapa Waasia siku 90 za kuondoka, iliwafukuza watu waliokuwa wakimiliki sehemu kubwa ya maduka ya vipuri, gereji na uwakala wa magari, na katika miaka ya magendo iliyofuata oili ikawa bidhaa ya kutafutwa kama sukari na sabuni. Fundi wa zama hizo alijifunza kutumia kilichopatikana, na mazoea ya kuona oili yoyote nyeusi nzito kuwa ni oili yalikuwa mzigo uliorithiwa na kizazi kilichofuata. Wakati huohuo elimu rasmi haikufa kabisa, kwani chini ya kilima, Nakawa, kilikuwapo chuo cha ufundi kilichoanzishwa kwa msaada wa Japani mwaka 1971, ambacho kimetoa mafundi wa magari na mitambo kwa zaidi ya nusu karne.

Bodaboda ilianza mpakani Busia katika miaka ya 1960 kama baiskeli ya kubeba abiria, na ikapata injini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati biashara ya nje ilipofunguliwa na maelfu ya askari na watumishi wa serikali walipopunguzwa kazini, baadhi yao wakitafuta mtaji mdogo wa kuanzia maisha mapya. Kilima kama Naguru, chenye njia za mwinuko ambazo basi dogo la abiria halina haja ya kuzipanda, kilikuwa soko la asili la pikipiki, na siteji zikaota penye njia panda za kwenda Ntinda, Bukoto na Kololo. Pikipiki za India, hasa Bajaj Boxer, zilitawala siteji hizo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mji huu injini mpya ilianza kuzoezwa na mtu ambaye riziki yake ya siku ileile ilitoka katika injini hiyo.

Wakati bodaboda inasambaa, dunia ya oili ilikuwa ikielekea njia nyingine. Viwanda vya magari vilitaka oili nyepesi zenye viongezo vya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli, na oili hizo zilipotiwa katika pikipiki klachi zilianza kuteleza. Shirika la viwango vya magari la Japani lilijibu mwaka 1998 kwa kiwango cha T903, kinachozigawa oili za pikipiki za mipigo minne katika kundi la MA, ambalo lina msuguano wa kutosha kwa klachi ya kuogelea, na kundi la MB, ambalo msuguano wake ni mdogo. Kwa mpanda bodaboda wa Naguru herufi hizo mbili mgongoni mwa chupa zina uzito zaidi kuliko sifa zote zilizoandikwa mbele, kwa kuwa pikipiki yake ni ya klachi ya kuogelea, na oili ya 20W-50 ya madini yenye alama ya MA ndiyo inayokubaliana na joto la Kampala, mzigo wa abiria na hitaji la ringi mpya kusagana kidogo. Oili ya sanisi, yaani ile iliyoundwa kiwandani kwa molekuli zilizopangwa, hulinda injini iliyokwisha kuzoea kwa muda mrefu zaidi, lakini bei yake haina maana katika kilomita za mwanzo, kwani oili hiyo itamwagwa mapema hata ikiwa bado ina nguvu.

Umwagaji huo wa kwanza ndio unaotenganisha fundi makini na fundi wa kubahatisha. Pikipiki huwashwa kwa dakika chache ili oili ipate joto na kubeba uchafu uliotulia chini, kisha nati ya chini hufunguliwa juu ya beseni na oili kuachwa itoke mpaka tone la mwisho. Oili ya kilomita mia kadhaa za mwanzo haitoki nyeusi tu, kwani beseni likisogezwa juani huonekana ndani yake mng'aro wa kijivu unaozunguka polepole, na mng'aro huo ni unga wa chuma wa silinda, ringi na meno ya gia. Unga laini wa namna hiyo ni wa kawaida, bali vipande vinavyohisika kati ya vidole ni habari mbaya. Wavu huoshwa kwa petroli, na nati hurudishwa bila kukazwa kwa hasira, kwa sababu kasha ni la alumini na nyuzi zake hukatika upesi. Oili iliyotoka haipotei, kwani hupakwa kwenye minyororo na kwenye nguzo za mbao kuzuia mchwa, ingawa ikimwagwa mtaroni hufuata maji ya mvua hadi kwenye maeneo oevu ya Kampala.

Mtindo wa uendeshaji nao una nafasi yake, na hapa kilima chenyewe ni mwalimu. Kupanda Naguru kwa gia inayofaa, bila kuikaba injini kwa gia kubwa wala kuiliza kwa gia ndogo, huipa gesi ya mlipuko nguvu ya kuzisukuma ringi ukutani, na kushuka huku mkono umeachia mafuta huzaa mvuto ndani ya silinda unaopandisha oili kidogo, ukapoza kuta na kuondoa chembe zilizosagika. Mwendo wa kupanda na kushuka kwa mzigo unaobadilika unaifaa injini mpya kuliko mwendo mmoja wa saa nzima katika barabara tambarare, na methali isemayo samaki mkunje angali mbichi inalielezea jambo hili barabara, kwa kuwa silinda iliyokosa kuketi mwanzoni haiketi baadaye bila kufunguliwa na kuchongwa upya.

Maarifa hayo yanajulikana, na bado injini nyingi hufa mapema, kwa sababu ambayo haimo ndani ya chupa ya oili. Mpanda bodaboda wa kawaida ama amekodi pikipiki kwa tajiri na anapaswa kupeleka fedha kila wiki, utaratibu ambao Tanzania huuita kupeleka hesabu, ama ameichukua kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo, mfumo uliopanuliwa mjini Kampala na kampuni kama Tugende iliyoanza mwaka 2012. Katika hali zote mbili malipo huanza kuhesabiwa mara pikipiki inapotoka dukani, na kijana aliyeichukua Jumatatu hubeba abiria wawili Jumanne, kwa kasi ileile ya pikipiki ya zamani, huku akiahirisha kumwaga oili ya kwanza kwa kuwa bei ya lita moja ni sehemu ya malipo ya wiki. Oili bandia, ambayo mara nyingine ni oili chafu iliyochujwa na kutiwa katika chupa zenye nembo za watu, hupata soko lake katika pengo hilohilo la fedha.

Naguru yenyewe imebadilika kwa kasi isiyongoja. Mwaka 2011 nyumba za zamani za Naguru na Nakawa zilibomolewa na wakazi wake kutawanywa, na mji mpya uliokusudiwa mahali pake ulikwama kwa miaka. Hata pikipiki inabadilika, kwani zile za umeme zilizoanza kuonekana Kampala mwishoni mwa muongo wa 2010 hazina silinda ya kuzoeza wala oili ya injini ya kumwaga, na huenda siku moja desturi iliyoelezwa hapa ikabaki vitabuni. Kwa sasa, hata hivyo, petroli ndiyo inayopandisha abiria wengi kilimani, na hukumu ya historia hii iko wazi, kwamba injini ndogo ya kazi haihitaji oili ya bei kubwa mwanzoni, bali inahitaji oili ya madini ya daraja lake, yenye alama ya MA, iliyonunuliwa kwa muuzaji anayeaminika na kumwagwa mapema kama kitabu cha chombo kinavyoagiza. Wenye pikipiki na watoa mikopo wana uwezo wa kulitimiza hilo kwa gharama ndogo, nao wanapaswa kuandika katika mikataba yao kwamba oili ya kwanza ni juu ya mkopeshaji na kwamba malipo ya wiki mbili za mwanzo ni nusu, kwa sababu injini iliyozoezwa vyema hulipa deni lake, na injini iliyokufa humwachia kijana deni bila chombo.